Kila Kitu Buku

Nilifika Mwanjelwa na elfu kumi na nane
zimefungwa pembeni mwa kanga, fundo juu ya fundo.
Ni za sweta. Sweta la shule, la kijani, la Lusajo,
maana Juni ya Uyole haina mzaha:
asubuhi watoto wanatoa moshi mdomoni kama wavuta sigara,
na mwalimu Mwakyoma akishasema kijani,
bluu kwake ni utoro.

Nilitembea wima, meno nimeyauma.
Nikapita viazi, nikapita parachichi, nikapita
dagaa wa Nyasa waliolala macho wazi wakinitazama.
Sikugeuka.

Iliyonivunja ni spika.
Spika ndogo juu ya turubai, na sauti ya kijana
aliyejirekodi mwaka juzi; pengine keshaoa, keshahama,
ila bado anaita:
kila kitu buku, kila kitu buku,
mama chagua, mama usiogope.

Mama usiogope.
Nani mwingine kaniambia hivyo mwaka huu?

Nikainama. Kuangalia si kununua.
Kichujio cha chai: changu kimetoboka,
majani yanaogelea kikombeni. Hii si tamaa, hii ni haki.
Kioo cha duara: cha nyumbani kimebaki kipande,
leo naona jicho, kesho sikio,
miezi sasa sijakutana na uso wangu mzima.
Vibanio vya nguo, dazeni, rangi za pipi.
Waya wa seng'enge hushika nguo zangu bila malipo,
najua. Lakini ukungu wa kwetu unakula kila rangi,
na macho nayo yana njaa yake.

Elfu tatu. Zimebaki kumi na tano.
Sweta linatosha nikipatana,
na kupatana hakunishindi.

Kufuli lilikuwa pembeni, halimo kwenye vya buku.
Elfu nne. Zito, la shaba, au la kupakwa shaba.
Mlango wangu naufunga kwa kamba ya katani
na mwizi wa kwetu angeniibia nini, kichujio?
Nikalishika tu. Baridi yake ikaniingia kiganjani
kama mkono wa mtu anayeahidi kitu.
Nikalipa.

Sweta ningeweza bado kulipata. Nasema ukweli.
Ila njia ya kwenda kwenye masweta inapita kwenye mitumba,
na balo lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa,
na koti likaruka juu, jekundu,
likaangukia upande wangu kama limenitambua.
Wakili aliye ndani yangu akasimama, akakohoa:
sweta hufunika kifua, koti hufunika mpaka magoti;
sweta ni la mwaka mmoja, koti mtoto atalikulia.
Wakili huyu hajawahi kushindwa kesi.
Elfu nane.

Mfukoni mwa koti nikakuta risiti,
herufi nisizozijua, tarakimu ninazozijua.
Kuna mwanamke huko, sijui wapi, naye aliinama.
Naye alisema litafaa.
Nikaikunja risiti yake, nikaitia kwenye fundo
mahali pa pesa.

Nyumbani Lusajo alilivaa palepale mlangoni.
Mikono ikapotea, pindo likafagia sakafu,
akatembea chumba kizima kama mkuu wa wilaya
anayekagua mabomba,
tukacheka mpaka jirani Subilaga akagonga ukuta.
Jumatatu, tutaiona Jumatatu.

Kisha akachukua kufuli, akalifungua, akalifunga,
akazihesabu funguo kwenye kikoleo chake.
"Mama, ziko tatu," akasema. "Sisi tuko wawili."

Nje upepo wa Uporoto ulikuwa unajaribu kamba ya mlango.
Nilisema chai inachemka,
nikaenda kukijaribu kichujio.
Ufunguo mmoja nimeutundika msumarini,
kwa uzi mrefu, usawa wa mkono wa mtu mrefu
arudiye usiku kutoka machimbo ya Chunya
bila kuwa na haja ya kubisha hodi.