Kabla Sijakupa Funguo

Pesa umehesabu, Ulises, na mimi nimehesabu,
hatudaiani. Lakini keti kwanza.
Pikapu hii siiuzi kama mbuzi,
ukashika kamba ukaenda zako.

Hapa Chubut tuna upepo wa aina mbili.
Wa kwanza hushuka milimani, magharibi,
hulaza nyasi, hung'oa mabati,
na huo huna la kuufanya.
Ukielekea Gan Gan utakukaba kifuani,
mshale wa mafuta ushuke huku unautazama.
Usishindane nao. Themanini inatosha.
Ukivuka mia, unamnywesha shetani dizeli.

Wa pili ni ule wa ndani ya tairi,
na huo ni wako.
Upime alfajiri, tairi zikiwa baridi,
kabla gari halijasogea hata hatua.
Kwenye changarawe upunguze kidogo,
ukigusa lami ujaze tena;
pampu iko nyuma ya kiti,
huchomekwa pale pa kuwashia sigara.
Osvaldo akisema: tairi legevu ni mwizi
asiyevunja mlango.

Mlango wa nyuma, je? Vijana huushusha,
wakidhani upepo utapita kati.
Haupiti, unazunguka humo kama ng'ombe zizini.
Ufunge. Vuta turubai, kaza kulabu zote sita
(ya saba ilikatika, nimetia waya).
Na ukirudi mtupu, rudi mtupu kweli.
Mume wangu alibeba minyororo ya theluji kiangazi,
jeki mbili, na mlango wa jiko la jirani
miaka minne mizima: "Huenda ukahitajika."
Kila kilo ni abiria anayekula na halipi nauli.

Raha zake sasa.
Taa ndogo chini ya turubai niliifunga mwenyewe,
siku nilipochoka kung'ata tochi kwa meno
nikifunga marobota ya sufi gizani.
Dumu lenye bomba, kando ya gurudumu,
ni la kunawia; mafuta ya manyoya hayatoki upesi.
Ngazi ya kukunja utaicheka leo.
Icheke. Goti lako nalo linakuja.
Kiti cha abiria hupasha joto. Cha dereva kilikufa,
sikukitengeneza.
Na asubuhi za barafu usiliache lingurume nusu saa
wewe ukinywa chai ndani.
Dakika moja, mbili, kisha ondoka taratibu;
injini hupata joto kwa kwenda.

Daftari liko kwenye kisanduku cha dashibodi,
jalada la bluu, alama ya kikombe juu yake.
Kila ujazapo tangi andika lita,
andika kilomita, gawanya.
Utaona tisa kwa kila mia, tisa na nusu, tisa,
kumi siku za upepo, mwandiko wake
umenyooka kama ua wa seng'enge.
Kisha utakuta kumi na saba.
Tarehe kumi na tisa Agosti,
ya kwanza kwa mkono wangu.

Usidhani injini iliugua.
Siku hiyo nilikanyaga mpaka chini hadi Trelew,
turubai limefunguka, linapiga makofi,
tairi sikupima,
yeye kwenye kiti kile chenye joto,
shavu kwenye kioo, ananiambia:
"Polepole, Nélida. Unaunguza mafuta."
Nikamwambia anyamaze.
Akanyamaza.

Hiyo usiitie kwenye wastani.

Haya, shika. Mlango wa kushoto
uinue kwanza, ndipo uvute.