Kamba ya Paji

Murhula alipita na gunia la makala,
kamba imembana paji la uso
kama wabebavyo mama zetu:
shingo mbele, mikono nyuma, macho kwenye tope.
Mvua ilipiga tangu alfajiri,
mlima wa Kadutu ulikuwa sabuni.

Sisi tulikaa kwenye ngazi za kioski
na mashati yetu meupe, tumefukuzwa karo.
Akonkwa ndiye aliyeanza:
"Ee, mwanamuke! Mimba gani hiyo ya mugongoni?"
Ciza akadakia:
"Mumufungie kikwembe, baridi isimupige!"
Nami nikacheka.
Mimi, Nsimire, msichana mzima,
nikacheka meno yote nje
huku jina langu likimwagwa njiani kama maji ya vyombo.

Hakujibu. Nani hujibu
na kilo hamsini zikimvuta kisogo?
Alisimama mara moja, akasogeza kamba,
tukasikia pumzi yake,
kisha mguu,
kisha mguu.

Mama yake yuko hospitali, wiki ya tatu sasa.
Tulijua. Mtaa mzima ulijua.

Jioni nilimsuka mama yangu.
Nilipoanza kugawa nywele za mbele
kidole kikatumbukia kwenye ule mfereji
utokao sikio hadi sikio,
pale nywele zilipokata tamaa.
Nimeuona tangu nizaliwe, sikuwahi kuugusa.
Una kina. Ncha ya kidole inalala humo.

"Mbona umesimama?"
"Hakuna kitu, mama."

Hakuna kitu. Viatu vya Akonkwa
vilitoka kwenye mfereji kama huu.
Simu ya Ciza. Shati langu, na sabuni ya kulifulia.
Wanaume wa kwetu hawaigusi kamba hiyo,
wanasema mgongo wa mwanaume una heshima zake;
akiibeba mtoto wao, wanatafuta tusi,
na tusi wanalolipata
ni sisi.

Kesho Murhula atapanda tena.
Akonkwa atafungua kinywa, namjua.
Labda nitamwambia: "Kuja, Akonkwa,
kuwa mwanamuke mupaka pale kwenye kona.
Pale tu. Tutakuhesabia hatua."

Labda.
Au nitainama, nijifanye nafunga kiatu,
vidole vyangu vikinuka mafuta ya nywele
na makala.