Nyumba ya Hamriya

Dalali Muhanna kalifungua geti kwa bega;
kitasa, anasema, kinataka mafuta tu.
Kila kitu humu kinataka kitu tu:
bomba linataka koki tu,
dari inataka plasta tu,
na yeye anataka riali elfu kumi na tisa tu,
nyumba nzima, Maskati hii,
utaipata wapi, Bi Zuwena?

Hizo ni fedha za kiinua mgongo.
Miaka ishirini na sita ya zamu za usiku wodini
nimeinamia vitanda vya watu,
na leo naletewa huyu nimwinue,
mgongo wake umepinda kuliko wangu.

Waliotufundisha kuziba ufa
hawakuuona huu. Mijusi hupishana ndani yake.
Nikaugonga ukuta kwa vidole viwili
kama nilivyozoea kugonga kifua cha mgonjwa.
Ukaitika kama debe.
Nondo zimetokeza darini, zimevimba kwa kutu,
chumvi imepanda kutoka sakafuni hadi kiunoni.
Na juu ya paa, tangi halina kifuniko:
njiwa amefia humo, siku asizozijua mtu.

"Wapangaji wapo," anasema Muhanna, "na hawalalamiki."
Kalitaja hilo kama sifa ya nyumba.

Chumba cha nyuma, wanaume watatu wa Kerala,
vitanda viwili;
mmoja wao hufanya kazi usiku.
Maji ya kiyoyozi yanadondokea kopo la maziwa,
na kopo likijaa, Sureshan, fundi cherehani,
huumwagilia mrehani
aliouotesha kwenye beseni lililopasuka.
Akaniuliza kwa Kiarabu cha vipande:
Mama, wewe nunua? Sisi toka?
Nikajifanya natazama nyaya.

Kaka yangu Harith, kwa simu, kutoka Ibra:
"Rahisi hiyo ina meno. Iache."
Binti yangu: tengeneza, paka rangi, pandisha kodi.
Wote wamepiga hesabu, na hesabu zote sahihi.

Usiku huu nimekaa na bahasha ya dawa za presha,
nyuma yake naandika: kodi, mia na themanini;
matengenezo, elfu saba,
tuseme nane.
Najumlisha, natoa, nahesabu na umri wangu.
Muhanna kapiga mara tatu. Sijapokea.
Sijakubali, wala sijakataa.
Ila naitazama bahasha, naona mkono ulinitangulia:
juu kabisa, kabla ya bei,
uliandika
kifuniko cha tangi.