Utoro wa Maji

Delbert, amekuja mkaguzi wa mabwawa,
binti wa akina Wiesehan wa ng'ambo ya reli,
yuleyule uliyemtoa ndoano kidoleni akiwa na miaka saba.
Sasa ana kofia ngumu na fimbo ya chuma.
Hakutazama ziwa hata kidogo.

Kila mgeni hutazama ziwa.
Hutazama gati, boya jekundu, na chelezo cha mapipa
ulichokifunga kamba mwaka ule wa ukame,
ambapo watoto wa kanisa hurukia majini wakiziba pua.
Yeye alilipa mgongo, akashuka upande wa pili wa tuta,
upande ambao kwa miaka hamsini na mitatu
nimeuona kutoka barabarani tu, nikiuita kilima.

"Njoo usimame hapa, Mama Teague."
Nikasimama. Kiatu kikazama.
Ni Agosti, nyasi za Missouri zimekauka kama brashi,
na hapa matete yamesimama kijani, yamenenepa,
yananyonya ziwa kwa kisogo.
Akachoma fimbo. Maji yakatoka, safi.
Safi si neno, akasema. Siku yakitoka na udongo
ujue tuta limeanza kujila lenyewe kutoka ndani.

Mashimo ya panya-maji: tisa.
Mierebi uliyoipanda tupate kivuli,
mizizi yake imo tumboni mwa udongo
kama vidole mfukoni mwa mtu aliyelala.
Bomba la mwaka sitini na nane, limeoza,
bisibisi inapita kama kwenye mkate.
Na utoro,
ndivyo waitavyo njia ile ya pembeni
ambapo maji ya masika huruhusiwa kutoroka
bila kuvunja nyumba,
wewe uliuziba kwa mawe na zege
ili boti ipate futi moja zaidi.
Wahenga walituonya juu ya kuziba ufa.
Hawakusema lolote
kuhusu mtu anayeziba mlango.

Nilitaka kukutetea.
Nilifungua mdomo niseme kwamba ulilijenga
kwa tingatinga la kuazima na Jumapili zako zote,
kwamba ekari kumi na moja si kitu,
maji ya kifuu tu haya.
Lakini alikuwa ameacha kuandika. Alitazama bondeni.
Nikatazama.
Nyumba ya akina Pruett. Paa jipya. Trampolini.
Mtoto anaruka, anaonekana,
anapotea nyuma ya ua,
anaonekana.
Nikamwona chungu.

Vali tuliipaka mafuta siku tatu kabla haijakubali.
Ostrander wa kibanda namba nne alinijia amefura,
kibali chake cha kuvua ni mpaka mwisho wa Oktoba.
Nimemrudishia dola arobaini na kambale mmoja.
Wengine walikuja na viti vyao
wakakaa kimya ukingoni, kama hospitalini.

Inchi sita kwa siku. Hakuna haraka, alisema binti,
tuta likivuliwa maji ghafla huporomoka.
Likaanza kutoa vya watu:
miwani, viti vya plastiki, kopo lako la chambo,
injini ya boti uliyoniapia kwamba imeibwa.
(Tutalizungumza hilo.)
Siku ya kumi na nne ukatokea uzio wa shamba la baba yako,
nguzo moja, nguzo ya pili,
ukiteremka mteremko kana kwamba haujasikia habari,
na mwisho wake lango.

Limefungwa, Delbert.
Waya mizunguko miwili, ncha imekunjwa kushoto,
fundo lako, hakuna mwingine afungaye hivyo.
Ulitembea mpaka kule chini
asubuhi ile ya kuachia maji,
tingatinga likinguruma, kaka zako wakikuita,
ukalifunga ili ng'ombe gani wasitoke?

Nimevaa buti zako. Nina koleo mfukoni.
Tope bado halinibebi.
Nakuja hapa kila asubuhi kulijaribu kwa mguu mmoja.