Saa Tisa Usiku, Friesland

Jana mashine ilimjua kila ng'ombe kwa mkanda wa shingo,
ilimjua Akke mwenye chuchu tatu,
ikamkamua taratibu.

Usiku imejisasisha. Haikubisha hodi.

Sasa Jeltje yuko zizini na viatu vya mpira,
kioo kinamwambia: Hongera! Tumeboresha.
Mmeboresha nini? Lango halifunguki.
Ng'ombe sitini wanalia, viwele vimewambika kama ngoma,
na simu ya huduma inampigia muziki.

Kilikuwa kizima;
nani aliwatuma wakitibu?

Anatungua ndoo ya marehemu mamaye,
anaipangusa utando wa buibui,
anaketi, paji la uso ubavuni mwa Akke.
Vidole vinakumbuka.
Havimwombi nywila.

Bado hamsini na tisa.