Farasi wa Tabaka

Hapa hakuna ajuaye kucheza sataranji.
Tunachonga tu vipande, thelathini na viwili,
tunavifunga kwa majani makavu ya mgomba
na Jumatano gari la Kisii linavibeba.

Bosibori huchonga wafalme
huku akimkemea mbuzi.
Nyaboke, beseni mbele yake,
msasa na maji, msasa na maji,
hadi jiwe liteleze kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Askari ni kazi ya watoto wakitoka shule,
ndiyo maana hawalingani kimo.

Farasi walikuwa wa Momanyi.
Farasi mwenyewe hakuwahi kumwona
ila kwenye kalenda ya duka la mbolea.
Siku moja patasi ikamponyoka,
sikio la kushoto likakatika nusu.
Karo ilikuwa inadaiwa; jiwe hakulitupa.
Mwezi uliofuata mnunuzi akaja mbio:
"Wale wa sikio fupi, wapo?"

Tulimzika Machi, kwenye matope mekundu.

Sasa farasi ni wangu.
Mpini wa patasi yake umelika
pale kidole gumba chake kilipokaa;
changu hakienei humo.
Mkono wangu hautetemeki, mtanisamehe kujisifu,
nikachonga mmoja mwenye masikio mawili, sawasawa.
Nyaboke akamgeuza,
akamzamisha majini, akamtoa, akamtazama tena.
"Huyu ni wa nani?"

Sikumjibu.
Nikamchukua, yungali analowa.
Kushoto. Nusu.
Vumbi jeupe likanikaa gotini.