Upande wa Mashariki

Mulombwa ukiukata unatoka damu.
Sisemi mfano. Panga likiingia, hesabu hadi tatu,
mstari mwekundu unateremka gandani
na nzi wanakuja, nao wamedanganyika.

Mama yangu, Mwewa, anauza maganda hayo
soko la Kenya, nyuma ya wauza samaki wa Kasenga,
juu ya gunia lililowahi kubeba saruji.
Vipande amevifunga kwa mpira wa baiskeli:
hivi vya kuhara, hivi vya vidonda vya mdomo,
hivi vya mwanamke ambaye mwezi wake haukatiki,
na unga wa mba, wa kuchanganya na mawese.
Ukimwuliza sababu, hainui macho:
“Chekundu kinajua chekundu.”

Mimi nimepewa koti jeupe chuoni
na ufunguo wa chumba chenye friji moja
inayolala umeme ukilala.
Nilichemsha ganda, nikachuja, nikakausha,
nikadondosha kwenye sahani za vijidudu vya usaha,
nikakesha, jenereta ikikohoa uani.
Asubuhi, kulizunguka kila tone, duara tupu:
vijidudu vimesimama mbali
kama wadeni waliomwona mwenye duka.
Milimita kumi na nne. Nilipima mara tatu.

Naandika: tanini.
Zinakaza ngozi ya utumbo, zinafunga mdomo wa kidonda,
zinakausha ulimi kama ndizi mbichi.
Naandika: flavonoidi.
Naandika: kipimo bado hakijulikani.
Hapo kalamu inasimama.

Ni kwa ajili ya Chisenga.
Kaka alirudi kutoka mashimo ya kobalti
na leso yenye madoa.
Chekundu kinajua chekundu: miezi minane
kikombe asubuhi, kikombe jioni,
na kifua hakikuielewa lugha ya mti.
Tulipofika hospitali, daktari aliinua picha dirishani,
akaitazama muda mrefu,
akauliza tumechelewa wapi.

Sikumlaumu Mama.
Uongo. Nilimlaumu miaka miwili,
nikila ugali wake.

Mwezi wa nane nilihitaji sampuli mpya.
Tulipanda lori la makala lililokuwa likirudi tupu,
tukashuka mahali pasipo na jina,
moshi wa matanuru ukitambaa kati ya miombo.
Mulombwa wa kwanza ulikuwa umekufa wima.
Wenye haraka walikuwa wameumenya mzima,
mzunguko kamili, kama mtu aliyevuliwa suruali njiani.
Mama aliugusa, akapita.

Wa pili ulikuwa wake.
Alikata upande wa mashariki tu,
viganja viwili upana, si zaidi,
upande ambao jua linauona kwanza.
Nilipokuwa mwanafunzi niliicheka desturi hiyo.
Sasa nikahesabu makovu ya zamani:
kumi na moja, yamefumba kama midomo ya watu wenye siri,
na kati ya kovu na kovu ganda zima,
njia ya utomvu kupanda na kushuka.
Juu, majani mabichi.

“Kipimo,” nikasema.
“Nini?”
“Hapana kitu.”

Akanyoosha mkono. “Lipa.
Dawa ya bure inasahau kazi.”
Nikampa faranga mia tano. Akaigeuza noti,
akaichomeka kwenye fundo la kitenge,
na akiwa bado amenipa mgongo akasema:
“Ya Chisenga, ile, mi nilikosea.”

Upepo ulileta harufu ya makala.
Nilitafuta la kumjibu, nikapata mfuko wa sampuli tu,
nikaushika wazi.
Yeye akachota udongo, akautemea mate,
akaupaka kwenye jeraha la mti kwa kidole kimoja,
polepole,
mpaka wekundu ukaacha kuonekana.